Stefania Delorme, Mhasibu wa Korongo wa Fort Aubin (1937–2024)

Familia inawashukuru nyote mliotoka majumbani kwenu leo, Jumamosi, Januari 27, 2024, katika baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, kuja kumsindikiza Stefania. Angekuwa ameketi pale mlangoni kama ilivyokuwa kawaida yake, angewapokea kwa mikono miwili, kisha angeuliza ni nani aliyeacha gari likinguruma nje, na mafuta bei hii.

Marehemu Stefania Delorme, ambaye kwa wazazi wake aliitwa Stefania Hawryluk, alizaliwa Jumanne, Februari 9, 1937, katika shamba lililo karibu na kijiji cha Zelena, Saskatchewan. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Onufry Hawryluk na mama Paraska. Ulikuwa mwaka wa ukame na vumbi. Mama yake alisimulia kwamba walitundika shuka zilizoloweshwa madirishani ili mtoto apate kupumua, na shuka zilikauka zikiwa nyeusi.

Nyumba ya mzee Onufry ilikuwa na redio moja ya betri, na betri ilikuwa ghali. Kwa hiyo ilifunguliwa kwa mambo mawili tu: bei za mifugo kila jioni, na mechi ya hoki ya barafuni kila Jumamosi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1946 betri ilianza kufa, na mzee akakata shauri kuitunza kwa ajili ya mechi. Wiki nzima hakusikiliza bei. Jumatatu akauza nguruwe sita, na Jumanne bei ikapanda. Mama Paraska hakumsemesha mpaka Pasaka. Stefania, aliyekuwa na miaka tisa na aliyemwita baba yake tato kwa Kiukraine, ndiye aliyepeleka maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

“Tato anaomba chumvi.”

“Mwambie tato wako aiombe timu yake.”

Alisoma katika shule ya Zelena, iliyokuwa na chumba kimoja, mwalimu mmoja na madarasa manane. Nyumbani walisema Kiukraine, shuleni walichapwa wakikisema. Stefania alipenda hesabu kwa sababu, kama alivyokuwa akisema, hesabu haina lafudhi. Mwaka 1951 alipelekwa kwa masista wa Fort Aubin, akalala bweni na kusomea biashara. Alimaliza Juni 1955, akiwa wa kwanza katika utunzaji wa vitabu vya mahesabu na wa mwisho katika ushonaji. Vyeti vyote viwili alivihifadhi.

Kwa miaka minne alikuwa karani wa ghala la nafaka la Zelena. Septemba 1959 alirudi mjini na kupata kazi katika dirisha la tiketi la Ukumbi wa Fort Aubin, ambako timu ya hoki ya Korongo ilikuwa ikicheza. Korongo wa siku hizo walikuwa wauza maziwa, makarani wa reli na walimu, waliolipwa nauli na chakula cha jioni. Stefania aliwajua wote kwa majina, na alijua pia nani kati ya watazamaji hupenda kukaa karibu na mlango ili akavute sigara.

Hapo dirishani ndipo alipomfahamu Lucien Delorme, fundi wa barafu wa ukumbi ule, kijana wa Kimeti, wale wenye damu ya Wafaransa na ya wenyeji wa Kanada, kutoka ng'ambo ya mto. Lucien alipanga foleni kila Ijumaa na kununua tiketi moja. Baada ya wiki ya nne Stefania alimuuliza, “Wewe si unafanya kazi humu ndani? Unaingia bure.”

“Naingia bure,” Lucien akasema. “Lakini mlango wa bure haupiti hapa kwako.”

“Basi unatupa fedha.”

“Nazitupa mahali pazuri.”

Walifunga ndoa Jumamosi, Juni 15, 1963, katika kanisa hili hili, na jioni ya siku hiyo fidla za akina Delorme na ngoma za akina Hawryluk zilishindana mpaka mapadri wawili wakaombwa wawe waamuzi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Natalka mwaka 1965 na Rémi mwaka 1968.

Korongo walikua, na Stefania alikua nao. Mwaka 1974 walinunuliwa na Bwana Everett Kilbride, mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia. Mwaka 1980 waliingia ligi kuu, wakaanza kucheza na miji ambayo watu wa Fort Aubin walikuwa wakiisikia kwenye habari tu. Mwaka 1983 Stefania aliteuliwa kuwa mhasibu mkuu. Wanaume wanne waliokuwa chini yake waliambiana kwamba hatadumu, na wote wanne walistaafu wakimwacha kitini.

Ni vizuri vijana walioko hapa waelewe kazi ile ilivyokuwa, maana ndani yake ndimo yalimotokea mambo makubwa ya maisha yake. Tiketi, bia, soseji na matangazo ya biashara vyote vililipwa kwa dola za Kanada. Wachezaji walilipwa kwa dola za Marekani, kwa kuwa timu nyingi za ligi ziko Marekani na mchezaji asingekubali kulipwa pungufu kwa sababu tu amepelekwa kwenye theluji. Kwa hiyo Korongo walivuna kwa fedha moja na kula kwa nyingine. Mwaka 1991 dola yetu ilikuwa na thamani ya senti themanini na nane za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 1995 ilikuwa imeshuka hadi sabini na moja. Mishahara ya Korongo ilikuwa milioni kumi na nne za Marekani, na kule kushuka peke yake kuliongeza karibu milioni nne za kwetu kila mwaka, bila kuongeza hata mchezaji mmoja. Ukumbi nao ulikuwa mzee, wenye viti elfu kumi na moja na mia nne, bila vile vyumba vya kioo ambavyo makampuni hukodi kwa bei ya nyumba. Mji wenyewe ulikuwa na watu laki moja na tisini elfu. Hata kama kila mtu angevaa jezi, wasingetosha.

Kila asubuhi, saa tatu kasorobo, Stefania alipiga simu benki. Karani wa upande wa pili alikwisha kuizoea sauti yake.

“Habari za asubuhi. Mgonjwa ameamkaje?”

“Sabini na mbili na nusu, Bi Delorme.”

“Jana alikuwa sabini na tatu.”

“Amelala vibaya.”

Machi 1995, Bwana Kilbride alitangaza kwamba amechoka. Alikuwa amekwisha kutia fedha zake mwenyewe kwa miaka sita, na wanunuzi kutoka kusini mwa Marekani walikuwa wamekuja mara mbili. Kama mji hautapata washirika wapya, alisema, Korongo watauzwa. Hapo ikaundwa Kamati ya Kuwaokoa Korongo. Mwenyekiti wake alikuwa Wendell Isaak, mtangazaji aliyetangaza mechi za Korongo redioni kwa miaka ishirini na tatu, na ambaye sauti yake ilijulikana Fort Aubin kuliko ya padri yeyote. Wendell alisimama kwenye kipaza sauti kila siku akiomba, na watu wakatoa. Wastaafu walitoa pensheni, wanafunzi waliosha magari. Kwa wiki sita, watu elfu kumi na nne na mia tatu kumi na wawili walileta zaidi ya dola milioni tisa. Stefania aliombwa azipokee na kuandika risiti, kwa kuwa hakuna mtu mwingine ambaye mji mzima ungemwamini.

Jumatano, Mei 3, aliingia ofisini Bi Agathe Boucher, mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyefanya kazi ya kufua nguo hospitalini maisha yake yote. Aliweka bahasha mezani. Ndani mlikuwa na dola elfu mbili na mia nne.

“Bi Boucher, hizi zilikuwa za nini?”

“Za jiwe la kaburi la Alphonse.”

“Na Alphonse je?”

“Alphonse haendi popote, binti yangu. Korongo ndio wanaoondoka.”

“Umeambiwa zitatumikaje?”

“Zitawabakiza. Wendell kasema redioni.”

Stefania aliandika risiti. Alisimulia baadaye kwamba aliiandika polepole sana, akitumaini simu italia au mtu ataingia, chochote cha kumzuia asiichane kitabuni na kumpa yule mama. Hakuna kilichotokea. Bi Boucher aliikunja risiti, akaitia kwenye glavu, akatoka kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu.

Mchana ule alimfuata Wendell Isaak kituoni kwake. Walikuwa marafiki. Wendell alikuwa baba wa ubatizo wa Rémi.

“Wendell, umewaambia watu fedha hizi zitaibakiza timu.”

“Zitaibakiza.”

“Kwa muda gani?”

“Stefa, mtu anazama, nawe unauliza kamba ina urefu gani?”

“Nauliza, maana kamba yenyewe tunaisokota kwa nguo za watu. Msimu huu hasara itapita milioni tisa. Hizi zote zinakwenda na msimu mmoja. Mwakani utawaomba nini?”

Wendell akasema kwa upole, “Yuko tajiri mmoja wa Calgary. Tukionyesha kwamba mji uko nyuma yetu, huenda akaingia. Huenda. Ndiyo maana nakuomba, Jumapili kwenye mkutano wa ukumbini usome jumla, uketi. Mengine tuachie sisi.”

Stefania akaenda zake. Nyumbani hakumwambia Lucien neno. Natalka, aliyekuwa amekuja kwa chakula cha jioni, alikumbuka tu kwamba mama yake alitia chumvi kwenye viazi mara tatu.

Jumapili, Mei 7, 1995, watu elfu tisa walijaa ukumbini. Jukwaa lilikuwa limewekwa juu ya mbao zilizofunika barafu, na Lucien alikuwa amesimama kwenye lango la mashine yake ya kulainishia barafu, mahali pake pa miaka yote. Stefania aliitwa, akapanda, akasoma: dola milioni tisa, laki mbili na elfu kumi na nane. Watu walishangilia mpaka taa zikatikisika. Alingoja. Walipotulia, hakuketi.

“Sasa niwaambie zitakaa muda gani,” akasema.

Wendell alisogea kuchukua kipaza sauti. Stefania akakishika kwa mikono miwili. “Niache nimalize, Wendell. Sikuwahi kukukatiza redioni.”

Aliwaeleza kwa sauti ile ile aliyosomea jumla. Aliwaeleza hasara ya mwaka uliopita na ya mwaka ule, na jinsi dola ilivyokuwa imeshuka. Akasema fedha zao zingelipa hasara ya msimu mmoja, na kwamba msimu wa pili wangeombwa tena. “Kama mnalijua hilo na bado mnataka kutoa, toeni. Mimi mwenyewe nimetoa mia tatu, na sizitaki. Lakini mtoe mkijua. Na aliyeleta fedha za jiwe la kaburi, au za dawa, au za karo ya mtoto, aje kesho. Nitamrudishia, na sitamuuliza neno.”

Kelele za kuzomea zilianza viti vya juu na kuteremka. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kotekote, “Nani kakutuma, mama? Wamarekani?”

“Nimetumwa na risiti zenu,” Stefania akasema, akashuka.

Tajiri wa Calgary hakuingia. Hakuna ajuaye kama angeingia. Wengine wanasema alikuwa amekwisha kushika kalamu, wengine wanasema hakuwahi kuwa na kalamu. Oktoba, Bwana Kilbride aliuza timu, na ikapangwa kwamba Korongo wacheze msimu mmoja wa mwisho nyumbani, kisha waende. Mjini ulizuka msemo: Korongo hawakuuawa na dola, waliuawa na mhasibu. Kwenye duka la mikate alikonunua kwa miaka ishirini, alihudumiwa baada ya wote. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi. Asubuhi moja alikuta mlango wa nyumba umezibwa kwa theluji iliyopigwa koleo ikashindiliwa mpaka kwenye kitasa. Aliitoa mwenyewe, akaenda kazini, akachelewa dakika kumi na mbili, akazikata kwenye mshahara wake. Bwana Kilbride alimwambia, “Ningeweza kukufukuza.”

“Unaweza,” akasema Stefania.

“Na vitabu nani atavifunga?” Kisha akaongeza, akitazama dirishani, “Ulisema nilichoshindwa kusema. Sikushukuru, lakini nakiri.”

Lililomuuma zaidi lilikuwa la nyumbani. Lucien alikuwa ameitengeneza barafu ile kwa miaka thelathini na saba, na alisikia habari ya mwisho wake kutoka kinywani mwa mkewe, pamoja na watu elfu tisa. Usiku wa Mei 7 alisema jambo moja: “Ungeniambia kwanza.”

“Ningekuambia, ungenizuia.”

“Ndiyo. Ningekuzuia.”

“Ndiyo maana.”

Baada ya hapo Lucien alinyamaza kwa siku ishirini na tatu. Alikula, alilala, alikwenda kazini, alifunga mlango taratibu. Marehemu alisema kwamba mlango ule angeupenda zaidi kama ungebamizwa.

Wakati huo kamati, baada ya maneno yale ya ukumbini, ilikuwa imekubali kurudisha fedha kwa wote waliotoa. Wengi wa kamati walitaka itumwe hundi tu. Stefania alishikilia kwamba kila hundi iende na barua, yenye jina la mtu, kiasi alichotoa na neno la shukrani, na akajitolea kuziandika. Binti yake, dada zake wawili na wanawake watano wa kanisa walisaidia kupiga chapa. Sahihi alitia zote yeye. Jioni ya siku ya ishirini na tatu alikuwa amezungukwa na bahasha mezani jikoni, Lucien akaingia, akavua koti, akachukua rundo, akaanza kukunja. Baada ya bahasha kama arobaini akaiinua moja.

“Hii ya Bi Boucher usiitie posta.”

“Kwa nini?”

“Napita kwake kesho. Nitamshushia mkononi. Na lile jiwe, namjua mchongaji.”

Kuanzia jioni ile Lucien alikuja kila siku mpaka barua ya mwisho, nayo iliondoka Desemba 19, 1995. Watu zaidi ya mia sita walirudisha hundi zao wakasema hawazitaki. Kwa idhini yao, fedha hizo zilitengeneza viwanja kumi na vinne vya barafu mitaani, ambako watoto wa Fort Aubin wanateleza mpaka leo bila kulipa.

Jumamosi, Aprili 13, 1996, Korongo walicheza mechi ya mwisho, wakafungwa mawili kwa moja. Stefania alikataa kukaa sehemu ya wafanyakazi. Alinunua tiketi, akakaa sehemu ya juu, safu ya kumi na tisa, akilia kama wengine, na hakuna aliyemsemesha. Watu walipokwisha kutoka alishuka hadi kwenye lango. Lucien alizima mitambo ya baridi mmoja baada ya mwingine, akaja kusimama karibu naye. Walikaa pale wakiitazama barafu mpaka ikaanza kung'aa kwa maji.

Mwaka 1999 ilianzishwa timu ndogo, inayomilikiwa na wananchi kwa hisa za dola hamsini, ambapo hakuna aruhusiwaye kuwa na zaidi ya hisa ishirini. Waanzilishi walimjia Stefania wakiwa na aibu kidogo. Alikubali kuwa mweka hazina bila malipo, kwa sharti kwamba kila mshahara ulipwe kwa fedha inayoingia dirishani, na kwamba hesabu zisomwe hadharani kila Mei, nzuri au mbaya. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano. Hiyo ndiyo timu mtakayoiona ikicheza Ijumaa hii ijayo. Si ligi kuu. Haijawahi kuwa na mwaka wa hasara iliyofichwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema marehemu alikuwa sahihi. Yeye mwenyewe hakutaka isemwe hivyo. Alhamisi, Septemba 20, 2007, dola ya Kanada ililingana na ya Marekani, senti kwa senti. Ligi nayo ilikuwa imekwisha kuweka kikomo cha mishahara. Natalka alimkuta mama yake jikoni, gazeti limefunguliwa, penseli mkononi, akizirudia hesabu za mwaka 1995 upande wa nyuma wa kalenda.

“Kwa dola hii tungebaki,” akasema.

“Mama, ni miaka kumi na miwili. Nani angelipa hasara miaka kumi na miwili?”

“Sijui. Sikuuliza. Niliwauliza kama wanaweza miaka miwili.”

“Usingeweza kujua.”

“Ndiyo ninachosema. Sikujua, na nilisimama pale kama ninayejua.”

Wiki iliyofuata aliandika barua kwa gazeti la mji, nalo likaichapisha. Ilikuwa na sentensi tatu. “Mwaka 1995 niliwaambia watu wa Fort Aubin ukweli wa siku ile. Haukuwa ukweli wote, kwa maana siku zote hazikuwa zimefika. Wanaoamini kwamba tungevumilia wana haki ya kuamini hivyo, nami sina hesabu ya kuwajibu.”

Jumapili baada ya barua hiyo, Wendell Isaak alibisha hodi. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile ya ukumbini. Alikuwa amezeeka, akitembelea fimbo, na alibaki kizingitini na kofia mkononi.

“Miaka kumi na miwili nimekukasirikia, Stefa,” akasema. “Sasa umeninyang'anya hata hasira hiyo.”

“Ingia. Unapoteza joto la nyumba.”

“Nilijua fedha hazitoshi. Nilikuwa na hesabu zako mfukoni wakati nawaomba.”

“Najua ulikuwa nazo. Ni mimi niliyezipiga chapa. Unataka supu?”

Alitaka supu. Alikuja kila Jumapili kwa miaka mitatu, mpaka alipofariki, nao watatu walibishana kuhusu tajiri wa Calgary bila kufikia mwisho. Lucien alikuwa upande wa Wendell, na Stefania aliwaachia.

Lucien alitangulia mbele ya haki Novemba 2, 2011. Stefania aliendelea kuishi peke yake katika nyumba yao ya Mtaa wa Pembina, akipanda bizari na viazi, na kuwafundisha wajukuu kugawanya kwa mkono kabla ya kuwaruhusu washike simu. Wajukuu walimwita Baba, kama bibi anavyoitwa kwa Kiukraine.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kumsumbua, na mwaka 2021 figo zikafuata. Alipelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa karibu miaka mitatu, na hakuwahi kulalamika isipokuwa juu ya chai. Desemba iliyopita daktari alianza kumweleza kwa maneno ya mzunguko. Stefania akamgusa mkono. “Daktari, niambie ni muda gani. Sitakuzomea.” Daktari akamwambia wiki kadhaa. Akashukuru, akaomba karamu ya Krismasi ifanywe mapema kwa sahani zote kumi na mbili za desturi ya Kiukraine, akala kidogo kutoka kila moja. Alifariki nyumbani, kitandani mwake, Alhamisi, Januari 18, 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atimize miaka themanini na saba.

Aliacha maagizo ya mazishi kwenye ukurasa mmoja. Hakutaka jezi juu ya jeneza. Aliomba maombolezo yaimbwe kwa Kiukraine na wimbo mmoja kwa Kifaransa, kwa ajili ya Lucien. Baada ya kutoka kaburini, nyote mnakaribishwa ukumbi wa chini kwa perohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na kabichi zilizoviringishwa, ambazo wanawake wa kanisa wamezipika tangu juzi, wakiwemo waliowahi kuliacha benchi lake likiwa na nafasi. Kuhusu sadaka, aliandika hivi: “Wasilete maua, kuna baridi. Atakayetaka kutoa, atoe kwa kiwanja cha barafu cha Mtaa wa Mashariki, ambacho pampu yake imeharibika. Pampu ni dola elfu sita na mia nane. Ikitimia, acheni kupokea.”

Ameacha dada yake mdogo, Olha Hawryluk wa Zelena. Binti yake Natalka na mumewe Graham Tait. Mwanawe Rémi na mkewe Solange. Wajukuu watano, Lucienne, Paraska, Teodor, Mathieu na Agathe. Na kitukuu mmoja, Onufry, mwenye miezi minne, ambaye alimpakata na kusema kwamba huyu atakuwa mzito kubebwa kwenye barafu. Wametangulia mumewe Lucien, wazazi wake, na ndugu zake wanne.

Bwana amweke mahali pa mwanga, pasipo uchovu wala baridi, na kumbukumbu yake idumu.